Maji Aliyochemsha Mke Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba unisikilize kosa langu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Kwa miaka arobaini na minane nimemficha mke wangu kwamba mtoto wetu wa pili hakufa kwa kukosa ziwa la mama yake, kama alivyoambiwa na kama anavyoamini hadi leo. Alikufa kwa maji, na mpimaji wa maji hayo nilikuwa mimi.

Nina umri wa miaka themanini na mitatu. Daktari wangu, kijana mpole, ameacha kunitajia dawa mpya. Siku hizi ananiuliza tu kama napata usingizi, na mimi niliyeishi kwa kusoma matokeo ya vipimo najua mtu akibadilisha swali ni kwa sababu jibu la lile la kwanza ameshalipata. Niwie radhi kwa mwandiko huu. Mkono unatetemeka, na nimekataa binti yangu asiniandikie, kwa kuwa haya hawezi kuyasikia kabla ya mama yake. Ni yeye aliyeniambia kwamba wewe ni mama mtu mzima, mkunga mstaafu, na kwamba humbembelezi mtu. Ndiyo maana nimekuchagua.

Nilikuwa mkemia wa maji. Nilipokuwa na miaka thelathini na mitano nilipata kazi nje ya nchi, katika shamba kubwa la kampuni lililolima mboga za kusafirisha, mahali pakavu ambapo kila jani lilimea kwa maji ya kisima na mbolea ya magunia. Walitaka mtu asiye na familia. Mimi niliwaandikia barua tatu nikiwasihi nije na mke wangu, binti yetu wa miaka minne na mvulana wetu aliyekuwa na wiki tano, tuliyemwita Tonge kwa sababu ya mashavu yake, na mwishowe wakakubali kwa masharti mawili: nitakuwa kwenye majaribio kwa miezi mitatu, na familia zitakaa kwenye nyumba zile maadamu kisima cha nyumba hizo kinapita vipimo. Kikishindwa, wake na watoto wote watarudishwa makwao mpaka kichimbwe kingine. Anayepima ni mkemia. Niliweka sahihi nikicheka, nikamwambia mke wangu, hili sharti wamenipa mimi mwenyewe nilishike, na yeye akasema, "Basi lishike vizuri, Bwana Maji, usije ukaturudisha kabla sijafungua masanduku."

Nyumba zilikuwa nane, mstari mmoja, sakafu ya saruji, na kila jiko lilikuwa na bomba moja lililokuwa likikohoa kabla ya kutoa maji. "Bwana Maji, bomba lako lina kifua, lipeleke kliniki," alikuwa akinitania kila asubuhi, na utani huo ulikuwa karibu mazungumzo yake yote ya siku nzima, kwa kuwa lugha ya pale hakuijua, majirani walimsalimia kwa kumpungia mkono, na mimi nilitoka saa kumi na mbili nikarudi jua limepoa. Sikulitazama sana hilo. Nilikuwa na maabara yangu, chumba chenye madirisha mawili na meza ndefu, na nilikuwa na haraka ya kuthibitishwa kazini.

Wiki ya nne tukiwa pale, ziwa la kushoto la mke wangu lilifanya jipu. Alipata homa mpaka meno yakagongana, na muuguzi wa kliniki ya kampuni, ambaye alizungumza naye kwa vidole, alimwonyesha kopo la maziwa ya unga na kumfanyia ishara ya kuacha kunyonyesha. Alilia. Alijaribu kurudi kwenye ziwa la kulia, maziwa yakawa yamekwisha kata. Basi Tonge akawa mtoto wa chupa, na mke wangu, akiogopa maji ya ugenini, akaambiwa ayachemshe sana, naye akayachemsha sana. Alikuwa akiweka sufuria limejaa na kulitoa likiwa nusu.

Hapa lazima nikueleze kitu, kwa kuwa hapa ndipo mtoto alipofia. Mbolea ikizama ardhini huacha chumvi iitwayo naitreti, na ghala la mbolea lilikuwa juu ya mteremko, kisima chetu kikiwa chini yake. Haina rangi wala harufu. Mtu mzima anaweza kuinywa kwa miaka asisikie kitu, lakini mtoto mchanga inamharibia damu mpaka ishindwe kubeba hewa, akaanza kubadilika rangi, kwanza midomo, kisha kucha. Na kuchemsha huua vijidudu tu. Naitreti haifi, bali inabaki huku maji yakipungua, kwa hiyo kila alipochemsha zaidi kwa mapenzi yake alikuwa anamkolezea mwanawe. Watoto wengine wa nyumba zile walikuwa wakubwa au wanaonyonya. Wa chupa alikuwa mmoja tu.

Kisima chetu kilikuwa na zaidi ya mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa.

Tonge alifariki asubuhi ya siku ambayo daktari hakuwepo, kwa sababu alikuwa akija Jumanne na Ijumaa tu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya risasi. Mke wangu alimfunga kwenye khanga akakimbia naye kliniki bila viatu, na nilipoitwa nilimkuta akimsihi muuguzi kwa lugha yetu, "Dada yangu, mwangalie, mwangalie tu," na muuguzi hakuelewa neno lakini alikuwa akilia. Damu waliyomtoa ilikuwa ya kahawia. Kwa mkemia hilo lilitosha. Daktari alipokuja aliandika kwamba ni moyo, nami sikusema kitu. Kwa mujibu wa daftari la maabara, kipimo cha kisima kilifanyika siku tisa baada ya mazishi, nikaripoti, kampuni ikahamisha ghala na kuchimba kisima kingine mbali, na mwisho wa mwaka wakanipa cheti cha utumishi bora. Mke wangu nilimwambia kisima cha kwanza kimekauka. Tulimaliza mkataba wetu wa miaka mitatu. Kaburi tuliliacha kule.

Tuliporudi nyumbani, mama yangu mzazi alimpokea mke wangu mlangoni, na mbele ya watu akamwambia, "Ulikwenda ugenini ukaona ziwa ni ushamba, ukamtia mtoto kopo. Haya, kopo limekurudishia nini?" Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimebeba masanduku. Ningeweza kuyaweka chini nikasema neno moja tu, lakini nilipita nayo ndani.

Tangu hapo hajawahi kujitetea. Ila maji anayachemsha mpaka leo, sufuria lijae, litoke nusu, na wajukuu wanamcheka: "Bibi anachemsha maji mpaka yanaomba msamaha!" Naye anajibu bila kugeuka, "Na yaombe. Mimi siyasamehe." Wote wanacheka. Nami nimecheka nao, Mshauri, miaka yote hiyo.

Jumapili mbili zilizopita mjukuu wetu, mhandisi wa barabara, alikuja kutuaga. Amepata kazi nje na anaondoka na mumewe na mtoto wao wa miezi miwili. Tulikuwa sebuleni, mimi kwenye kiti changu chini ya kile cheti, ambacho mke wangu hukifuta vumbi kila Jumamosi. Alimshika mjukuu mkono akamwambia, "Huko uendako, hata ziwa likuume vipi, usimwachishe mtoto. Mimi nilimwachisha mjomba wako, nikamuua."

Binti yetu akasema, "Mama, jamani, usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Bibi yako alinisema, na alisema kweli. Muulizeni baba yenu, yeye alikuwepo."

Mjukuu akanigeukia. "Babu?"

Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa nakuuliza. Mke wangu ana miaka sabini na sita, moyo wake si mzima, na tumeishi bila ugomvi mkubwa. Je, si ukatili kumbomolea nyumba yake jioni ya maisha ili mimi nife mwepesi? Au niende nayo kaburini, nimwachie angalau mume wa kumlilia? Mjukuu anasafiri mwisho wa mwezi. Nijibu upesi, kwa posta, kabla hujachapa.

Mzee wa Vipimo

Jibu la mshauri

Mzee wangu, pole. Pole kwa mtoto, maana ulimzika na wewe, na hilo silisahau. Nimemaliza kukupa pole, sasa tuzungumze.

Unaniuliza kama kumwambia mkeo ni ukatili. Baba, ukatili umekwisha kufanyika, na umekuwa ukifanyika kila siku jiko linapowashwa. Huyo mama anasimama juu ya sufuria kwa miaka arobaini na minane akiwa anatumikia kifungo cha mtu mwingine, na mwenye kifungo ameketi sebuleni chini ya cheti. Unasema unauhurumia moyo wake. Hiyo si huruma, ni woga uliojifunika shela la huruma. Moyo uliobeba "nimemuua mwanangu" tangu ujana haujapasuka. Utabeba na hili.

Nimekaa wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja. Jipu la ziwa nalijua. Nimewaona wanawake wazima wakiuma mto kwa maumivu yake. Mkeo hakumnyima mtu kitu. Alikuwa mgonjwa, hana ndugu, hana lugha, hana mama wa kumkanda, mumewe yuko kazini, na bado alisimama kuchemsha maji. Mwambie mkunga amesema hivyo. Na mama yako, Mungu amrehemu, alikosea, na wewe ulipita na masanduku.

Lakini kuna jambo jingine, na hapa utanikasirikia. Umeniandikia barua ndefu, nzuri, ya mtu aliyesoma. Umenipa umri wa kila mtu, idadi ya nyumba, siku za daktari, hata bomba lenye kifua. Ulipofika kwenye kipimo ukaniambia "kwa mujibu wa daftari". Daftari aliliandika nani? Mimi nimeziona kadi za wagonjwa zikijazwa baada ya mgonjwa kufa, tena kwa mwandiko mzuri kuliko zilizojazwa akiwa hai. Ukaniambia pia mkeo "akaambiwa" achemshe sana. Aliambiwa na nani, ikiwa pale hakuna aliyejua lugha yake isipokuwa mtu mmoja?

Sikuhukumu kabla sijajua. Lakini ukienda kwa mkeo na nusu ya kweli utakuwa umemtua mzigo mmoja na kumtwisha mwingine, na safari hii hutakuwepo kumsaidia hata kuinuka. Swali lake la kwanza litakuwa: ulijua lini? Ukimjibu kwa daftari, afadhali unyamaze.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimtume binti yako, wala kasisi, wala shehe, wala mimi. Mwite mwenyewe, mchana, akiwa amekula, binti yenu akiwa chumba cha pili ili mama asibaki peke yake akitoka humo. Kama ulimi utakushinda, mwandikie, umpe karatasi mkononi na ukae hapo hapo akisoma. Sentensi ya kwanza iwe kwamba hakuua mtoto. Ya pili iwe tarehe. Usimwombe msamaha siku hiyo, maana mwanamke akiombwa msamaha na mgonjwa anayekufa hulazimika kutoa, na huyu amelazimishwa ya kutosha. Akilia, mwache. Akitukana, mwache. Akikaa siku tatu bila kukusemesha, pokea uji kwa binti yako na unyamaze.

Kisha, kabla mjukuu hajaondoka, mkeo akikubali, sema tena mbele ya wote waliokuwa sebuleni ile Jumapili. Alijishtaki mbele ya watu, naye asafishwe mbele ya watu. Mwambie mjukuu apimishe maji ya huko kabla ya kumchemshia mtoto. Na hicho cheti kishushe kwa mkono wako, hata kama ni mkono wa kutetemeka. Mama asikifute tena.

Siku zako huzijui, na mimi sizijui. Usisubiri kupata nguvu. Andika leo.

Mkunga

Barua hii ya mwisho ilitufikia wiki tatu baadaye, ndani ya bahasha iliyoandikwa anwani kwa mkono mwingine. Haikuelekezwa kwetu. Tunaichapa pamoja na hizo mbili kwa ruhusa ya mke wa mzee, ambaye ndiye aliyeituma.

Mama Tonge,

Hukumuua mtoto. Ziwa lako halikumuua, wala kopo. Aliuawa na chumvi ya mbolea iliyokuwa kwenye maji ya bomba letu, na kuchemsha kuliiongeza. Mimi nilijua.

Tarehe ya kwenye daftari niliiandika mimi, ni ya uongo. Barua ya kuthibitishwa kazini ilikuja siku sita baada ya kumzika. Nikangoja siku tatu ili zisifuatane mno, ndipo nikajaza daftari. Kipimo chenyewe nilikifanya kabla. Nilipoona matokeo nilijua kwamba nikiripoti mtarudishwa nyumbani na mimi nitabaki na jina la mtu aliyefunga kisima kabla hata hajathibitishwa. Zilikuwa zimebaki wiki nne za majaribio. Nikajisemea kwamba mtoto ana afya, atazimudu wiki nne.

Mkunga wa gazetini ananiambia nikupe tarehe. Siikumbuki kwa kalenda. Naikumbuka kwako. Ni ile asubuhi uliyonifuata mpaka mlangoni, Tonge begani, ukanipa chupa yake iliyojaa maji ya bomba na kifuniko chake umekikaza kwa kitambaa, ukasema, "Bwana Maji, hebu nipimie haya, siyaamini. Juzi midomo yake niliiona kama imefifia." Nilicheka. Niliyapima siku hiyo hiyo, saa nne, nikayapima tena saa sita ili nijiridhishe. Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo.

Jioni nilikurudishia chupa ikiwa nimeiosha. Ulikuwa jikoni unanisubiri. Nikakwambia maji hayana neno, ila uyachemshe zaidi.